Fizio ya mtoto mwenye mkono uliolegea tangu kuzaliwa, Area C Dodoma: mwaka mzima wa kwenda na kurudi

Hawa wa kliniki ya fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyobakiza nitasema sababu yake huko mbele, ila hizi nne wamezitolea jasho, na natamani mama yeyote wa hapa Dodoma, Bahi, Kongwa, Mpwapwa au hata Kondoa ambaye mtoto wake mkono mmoja umelala tangu siku ya kuzaliwa asome hii yote, maana mi kipindi kile nanyonyesha saa nane usiku huku natafuta kwenye simu sikupata mtu wa kunieleza kwa lugha yangu mtoto wangu atakuwaje.

Mwanangu alizaliwa na kilo 4.3. Kichwa kikatoka afu bega likakwama. Wakunga wakanikunja magoti mpaka kifuani, mmoja anasukuma juu ya kinena, mwingine anampokea mtoto huku chini, na akatoka kalegea hajalia, wakampigania hapohapo mpaka akalia. Kwa hilo nawashukuru mpaka leo, walikuwa wanaokoa roho. Kilichoniumiza ni kilichofuata. Niliuliza kuhusu mkono nikajibiwa "umechoka tu mama, utakaa sawa", kesho yake tukaruhusiwa, hamna karatasi, hamna tarehe ya kurudi, hamna mtu aliyesema neno mishipa.

Aliyeuona vizuri ni mama mkwe akimwogesha. Mkono wa kulia umening'inia ubavuni umejigeuzia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kinaangalia nyuma, kama mtu anayepokea kitu kisirisiri nyuma ya mgongo. Mlango ukijibamiza (na upepo wetu wa Dodoma mnaujua) mtoto anashtuka, mkono wa kushoto unaruka juu, wa kulia haujitingishi. Basi maneno yakaanza pale mtaani Nkuhungu. Mara nimemlalia usiku, mara kuna mtu kamshika vibaya kwa jicho, mara achuliwe na mafuta ya kondoo ndo itanyooka. Nikakubali achuliwe. Siku ya pili yake alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, mama mkwe mwenyewe, na yeye ndo alimleta huyo bibi, akasema basi, huyu mtoto anaumia, apelekwe kwa wataalamu.

Kwa hiyo wiki ya tatu tukachukua bajaji mpaka Area C. Usitegemee jengo kubwa. Ni nyumba ya kawaida, vyumba viwili, magodoro ya mazoezi chini, kioo kikubwa ukutani, mapokezi ni meza moja ya dada mmoja na daftari lake. Benchi la kusubiria liko barazani na kuanzia saa nne jua linakukuta hapohapo, hili nimewaambia mara tatu, pembeni pana nafasi kabisa ya kuweka hata turubai.

Kaka wa fizio alichonishangaza cha kwanza ni kwamba hakuanza na mkono. Alianza na macho. Akamsogeza mtoto kwenye mwanga akawa anaangalia kope za macho yote mawili na mboni, nikamuuliza kwani macho yanahusianaje, akasema, "Subiri mama, nikimaliza nitakwambia kila kitu." Akapapasa mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, akauliza kama tulipiga eksirei, maana mfupa ule ukivunjika wakati wa kuzaliwa mtoto naye hatatingisha mkono na watu wanachanganya, afu vinaweza kwenda vyote viwili pamoja. Akatazama anavyopumua. Akamkuna kiganja akaona vidole vinafunga. Ndo akakaa chini na mimi.

Maelezo yake nimeyashika mpaka leo kwa sababu alichukua kipande cha kamba ya katani. Akasema mama, mkono mzima unaendeshwa na mizizi mitano ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo hapa shingoni, inakutana chini ya mtulinga inasukana kama kamba hivi, halafu inagawana kazi. Miwili ya juu ndo ya kunyanyua bega na kukunja kiwiko, ya chini ndo ya kiganja na vidole. Bega likikwama na kichwa kikaenda upande mwingine kamba inavutika. Sasa kuvutika kuna daraja zake. Akaivuta kidogo akaiachia: hapa kamba iko nzima, imeshtuka tu, mtoto wa hivi unakuta wiki chache au miezi miwili mkono umerudi kama hakujatokea kitu. Akaivuta zaidi nyuzi za ndani zikakatika ila kwa nje bado inaonekana kamba: huyu anarudi, ila pole pole, na mara nyingi anabaki na kitu fulani. Akaikata kabisa: hii yenyewe haiungani. Mwisho akachukua waya wa chaja akauchomoa ukutani, akasema na hii ndo mbaya kuliko zote, mzizi umeng'oka kwenye uti wa mgongo, hauna pa kurudi. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na mzizi mmoja umeshtuka, mwingine umekatika, kwa hiyo siku ya kwanza hakuna mtu anayeweza kukwambia kwa uhakika.

Macho sasa. Mishipa inayofungua kope na mboni inapita jirani na ule mzizi wa chini kabisa. Ukiona upande wa mkono mgonjwa kope limeshuka na mboni ni ndogo kuliko mwenzake, ujue kuna uwezekano mkubwa mizizi ya chini imeng'oka, na huyo hasubirishwi. Wa kwangu macho yalikuwa sawa na vidole vinashika. Akasema hiyo ni dalili nzuri. Sikuambiwa "atapona", niliambiwa dalili ni nzuri na hizi ndo tarehe za kuangalia.

Hapo kwenye tarehe ndo nawapa nyota zao. Mpaka siku ile kila mtu alikuwa ananipa neno moja tu, wengine "atapona kwa jina la Yesu", wengine "huyo ndo basi tena mzoee tu", na maneno yote mawili yanakuacha umekaa nyumbani. Kaka akaandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mshipa wa fahamu ukianza kuota tena unakwenda kama milimita 1 kwa siku, ukipiga hesabu kutoka shingoni mpaka kwenye msuli wa mbele wa mkono, huu ambao vijana wanautunisha, ni safari ya miezi. Ndo maana mtoto anafuatiliwa kwa miezi, na ndo maana alama kubwa ni kiwiko: akifikisha miezi 3 aweze kukikunja mwenyewe. Akikunja kabla ya hapo njia ni nzuri. Akifika miezi 3 kiwiko bado kimelala anaandikiwa rufaa siku hiyohiyo kwa daktari wa upasuaji wa mishipa, iwe hapa iwe Dar, na treni ya SGR siku hizi unafika ndani ya masaa manne. Upasuaji wenyewe kwa wanaouhitaji mara nyingi unafanyika mtoto akiwa kati ya miezi 3 na 9, wanachukua mshipa wa shavu la mguu wanautumia kama kiraka shingoni. Nikauliza kwa nini wasingoje akue kidogo. Akasema msuli ukikaa muda mrefu bila mshipa unasinyaa, hata ukiuletea mshipa baadaye haupokei. Nyie mlioambiwa msubiri mtoto atembee kwanza naomba mrudie hiyo sentensi.

Nilimuuliza pia ni watoto wangapi wanapona maana nilitaka namba. Akanijibu bila kunipamba. Kwenye nchi zinazohesabu, tatizo hili linapata kama mtoto 1 hadi 3 katika kila 1,000 wanaozaliwa. Vitabu vya zamani vilisema 9 kati ya 10 wanapona kabisa, ila watafiti walipokuja kuwafuatilia watoto kwa miaka mingi waliona kama 2 mpaka 3 kati ya 10 wanabaki na kitu, bega kutokwenda juu vizuri, mkono kutogeuka nje, mkono kuwa mfupi kidogo au mwembamba. Walioumia mizizi miwili ya juu peke yake wana matumaini makubwa kuliko walioumia yote mitano. Nilitoka pale nina huzuni ila usiku ule nililala, mara ya kwanza tangu nijifungue.

Sasa mazoezi. Wanakufundisha mpaka uweze wewe, hawakufanyii wakakurudisha nyumbani. Mtoto unamlaza chali, mkono wako mmoja unakandamiza kwa upole ule mfupa bapa wa nyuma ya bega usije ukapanda, mwingine unaupeleka mkono wake juu taratibu kuelekea sikioni. Afu lile ambalo wenyewe wanaliita la muhimu kuliko yote: kiwiko kikae kimebana ubavuni, umekikunja, halafu unafungua mkono kuelekea nje kama unafungua kitabu. Hilo wengi wanaliacha kwa sababu mtoto halipendi, na ndo linalozuia bega kuganda limegeukia ndani mpaka mfupa wenyewe unakua vibaya kwenye kishimo unamokaa. Kila ukibadilisha nepi unafanya, pole pole, bila kuvuta, bila mafuta ya kuchua. Kumvalisha, mkono mgonjwa unaingia kwanza, kumvua unatoka mwisho. Kumnyanyua usimshike kwapani wala usimvute kwa mikono.

Na mgongoni! Hiki kitu hakuna mtu aliwahi kunieleza. Sisi tunabeba mgongoni bana, huwezi kumwambia mama wa Dodoma asibebe mtoto mgongoni, na hawakuniambia hivo. Walinifundisha nifunge kanga mkono wake uwe ndani, mbele, umelalia mgongo wangu, usibaki nje unaning'inia kwa uzito wake. Dada wa mapokezi ndo alinionyesha, akaacha daftari lake akafunga na kufungua kanga mara nne mpaka nikaweza. Baba yake naye alikuja Ijumaa moja akafundishwa yote, sasa hivi jioni ni zamu yake.

Bei ni 15,000 kwa kila ukija na bima hawapokei, hilo linaumiza. Ila baada ya mwezi na nusu waliponiona naweza wakanipunguzia wenyewe, njoo kila baada ya wiki mbili, baadaye mara moja kwa mwezi. Wangetaka hela yangu wangenivuta kila wiki na ningekwenda.

Siku ya kiwiko ilikuwa imebaki wiki moja afikishe miezi mitatu. Nilikuwa nimemlaza kwa ubavu, nimemwekea kanga nyuma, na ule mkono wa kulia, kiwiko kikajikunja. Kidogo sana, kama mtu anavuta shuka. Nikadhani nimeona vibaya. Nikakaa pale nikamtazama nusu saa nzima, unga wa ugali unaungua jikoni, akarudia. Nikarekodi nikamtumia kaka WhatsApp, akajibu tu "mlete kesho". Kesho yake akampima akiwa amekaa, mkono uzito unauvuta chini, ukakunja. Mama mkwe alipiga vigelegele barazani mpaka majirani wakatoka.

Pale barazani kuna mzee mmoja alikuwa anamleta mjukuu wake, mwalimu mstaafu, anatokea Kikuyu hapahapa Dodoma. Siku moja ananisimulia kwamba Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, huyuhuyu ambaye Wajerumani wake walijenga reli ya kati ikafika Dodoma 1910, alizaliwa 1859 akitanguliza matako na mkono wake wa kushoto ukaumia hivihivi. Mtoto wa kifalme, mjukuu wa malkia wa Uingereza, na madaktari wake walimfungia mkono ndani ya sungura aliyetoka kuchinjwa eti joto litauamsha, wakampiga na umeme. Erb, daktari ambaye ugonjwa huu wa mkono unaitwa kwa jina lake, aliandika habari za ugonjwa wenyewe 1874, Kaiser tayari ana miaka 15. Mkono ukabaki mfupi maisha yake yote, kwenye picha anaushikisha glovu au upanga watu wasiuone. Nikafikiria yale mafuta ya kondoo, nikamtazama mwanangu, nikashukuru tu kwamba tulifika wiki ya tatu.

Maana kuna mama mwingine alifika na mtoto wa miezi 8. Kope limeshuka, vidole havishiki, mkono umepoa. Huko alikotoka aliambiwa asubiri. Sikusikia walichozungumza ndani ila alipotoka tulikaa naye kwenye benchi, akaniambia wamemwambia kweli, kwamba mkono huu hautakuwa kama mwingine, na kwamba bado kuna cha kufanya ila ni leo na sio mwezi ujao. Wakamwandikia rufaa na kaka akapiga simu mwenyewe mbele yake kuhakikisha anapokelewa.

Sasa ile nyota. Mwanangu alipofika miezi 7 akaanza kujing'ata vidole vya mkono ule, nikadhani ni meno, kumbe anang'ata mpaka ngozi inatoka na wala halii. Nikampeleka kwao ana kidonda tayari. Ndo nikaambiwa kwamba mishipa ileile inayopeleka nguvu ndo inarudisha hisia, na wakati hisia zinarudi mtoto anasikia kama ganzi inayowasha, anang'ata, na sehemu nyingine hasikii kabisa kwa hiyo uji wa moto au kikombe cha chai kinaweza kumuunguza akakaa kimya. Hilo nilitakiwa kuambiwa siku ya kwanza pamoja na yale mengine. Wakaniomba msamaha vizuri, wakanionyesha kumvalisha soksi mkononi usiku, na nimeona sasa hivi wanaoanza wanaambiwa mapema. Lakini kile kidonda alikipata mwanangu, kwa hiyo nyota inabaki kwangu.

Miezi 9 wakampa kipimo cha biskuti, kilianzia Toronto huko Kanada. Unamshikia mkono wa juu ubavuni, unampa biskuti kiganjani, unaangalia kama ataifikisha mdomoni bila kuinamisha shingo sana kuifuata. Aliifikisha, shingo aliinamisha kidogo. Akala yote na akadai nyingine.

Leo ana mwaka na miezi miwili. Mkono unanyanyuka mpaka usawa wa bega na zaidi kidogo. Kugeuka nje bado, na akitaka kula kwa mkono huo kiwiko kinapanda juu kama anapiga baragumu, kaka anasema hiyo ni alama ya msuli wa bega kutokugeuza vizuri. Wameniambia wazi kwamba huenda akifika miaka miwili, mitatu, akahitaji upasuaji mdogo wa kuhamisha kano za misuli ili bega ligeuke, na kwamba mkono utakuwa mfupi kwa sentimita chache, na kwamba akiingia balehe akiongezeka urefu kwa kasi tumrudishe atazamwe tena. Atabeba ndoo, ataandika, kama sio kwa kulia basi kwa kushoto, na kila asubuhi akiamka naona anapendelea kushoto tayari. Nilikuwa nafikiri nitalia nikisikia haya. Nimeyazoea kwa sababu yalikuja moja moja, kila moja na mwezi wake.

Na wakanikumbusha kitu ambacho sikukitarajia kwa watu wa fizio: nikibeba mimba nyingine niseme kliniki siku ya kwanza kwamba huyu alikwama bega na alikuwa na kilo 4.3, nipimwe sukari, mtoto afuatiliwe uzito, na tuzungumze mapema nitajifungulia wapi na kwa njia gani, maana kukwama kunaweza kurudia. Wameniandikia kwenye kadi kwa wino mwekundu.

Kwa anayetaka kwenda: wanafungua saa mbili asubuhi Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi hamna na hilo kwa wanaofanya kazi ni shida. Jumatano kunajaa sana wanaotoka mbali, nenda Jumanne na uwahi kabla ya jua. Beba kanga mbili, chupa ya maji, kadi ya kliniki ya mtoto na karatasi yoyote uliyopewa ulipojifungulia hata kama haisemi kitu. Mtoto awe ameshiba ila asiwe ametoka kunyonya sasa hivi, anatapika kwenye zoezi la bega. Sisi tunarudi Jumanne ijayo, wanataka apigwe altrasaundi waone mfupa wa bega umekaaje kwenye kishimo chake.